Kamba ya Dume

Wapendwa, kulikuwa na mama mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mkiwa mnaulizana, alichokifanya kitawapita.

Mama huyu aliolewa kwenye nyumba ya mzee mwenye ng'ombe. Mume wake alikuwa mbali kwenye kazi za barabara, kwa hiyo neno la mwisho pale nyumbani lilikuwa la baba mkwe. Na nyumba ile ilikuwa na desturi, sijui kama kwenu haipo: cha mtoto hakinunuliwi. Cha mtoto ni kilichobaki. Sufuria ikitoboka, wakachezee watoto. Blanketi likichanika, walale nalo watoto. Na kamba ya ng'ombe ikichoka hutundikwa kwenye mkwaju nyuma ya nyumba, inakuwa bembea.

Basi siku moja binti yake mdogo alikuwa juu kabisa, anacheka, kamba ikakatika. Akaangukia jiwe, akavunjika mkono. Mama alipomrudisha kutoka hospitali, mkono umefungwa plasta, alikuta nini? Mzee ameshaiunga ile kamba. Amepiga fundo pale ilipokatikia, ameivuta kidogo kwa mkono, amesema, "Haya, kamba imepona kabla ya mtoto."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alimwona binti yake anaitazama ile bembea kwa hamu, plasta haijakauka vizuri, akajua kwamba atapanda tena. Nani anaweza kumkataza mtoto bembea iliyoko uani kwao?

Akaenda kwa mzee, akapiga goti.

"Baba, naomba ile kamba mpya."

"Ipi?"

"Uliyoinunua mnadani."

Mzee akamtazama kana kwamba ameombwa ng'ombe mwenyewe. "Ile ni ya dume, mwanangu. Dume lile likikata kamba litaingia kwenye mtama wa watu, na mimi nitaitwa barazani na uzee huu. Mtoto ana uzito gani? Hata uzi wa kushonea unambeba."

"Hii imekatika naye, baba."

"Ilikatika kwa sababu haikuwa na fundo. Sasa inalo. Na mtoto asiyeanguka atajuaje ardhi iko wapi?"

Mama akainuka. Akarudi jikoni, maana alikuwa amelelewa vizuri. Lakini jueni kwamba kuondoka siyo kukubali.

Kesho yake mzee alipokwenda kwenye kikao cha ukoo, na ng'ombe wako malishoni, mama aliitoa kamba mpya kwenye msumari wake. Akaiweka juu ya gogo. Akachukua panga, akaikata katikati.

Mmesikia? Hakuiazima. Aliikata, ili isiweze kurudi kwa dume hata akibembelezwa.

Kisha akafanya kazi. Aliliacha lile tawi la mbele ambalo wote walilizoea kwa sababu linafikika bila ngazi, maana lilikuwa limekauka. Akapanda mpaka kwenye tawi bichi, nene kuliko paja lake. Pale kamba zinapopita akazungushia mpira wa tairi ili gome lisizisage. Akafunga kamba mbili, kila upande wa ubao moja. Chini aling'oa mawe yote, akamwaga makapi ya mtama mpaka mguu ukazama. Akaweka gunia la mahindi juu ya ubao, akalisukuma kwa nguvu zake zote. Likaenda, likarudi. Kisha akaliteremsha gunia, akapanda yeye mwenyewe, mama mtu mzima na kanga yake.

Jirani akachungulia juu ya ua. "Shoga, umerudi utotoni? Au na wewe unataka plasta?"

"Kama ipo ya kuvaliwa, niivae mimi," akasema, na huku anamwomba Mungu, miguu iko hewani.

Jioni mzee alirudi. Akaona msumari mtupu, akaona bembea, na dume limesimama uani linasubiri kufungwa.

"Umekata kamba yangu."

"Nimeikata, baba. Nihukumu, nastahili. Lakini kuiunga, siiungi."

"Na dume nalifunga kwa nini?"

Mama akaiokota ile kamba ya zamani, yenye fundo, akamwekea mzee mikononi kwa mikono miwili, kwa adabu yote. "Lifunge kwa hii, baba. Si ulisema imepona?"

Mzee akaenda nayo kwa hasira mpaka kwenye dume. Akalizungushia shingoni. Vidole vikafika kwenye fundo, vikasimama. Akatazama mtama wa jirani, umekaribia kuvunwa. Akatazama fundo. Mnadhani aliifunga?

Hakuifunga. Aliivua taratibu, akaliswaga dume zizini, akaziba mlango kwa magogo. Akarudi akakaa chini, mbele ya mkamwana wake, akasema kwa sauti ndogo, "Nilijua. Siku ile naiunga, mkono wangu ulijua."

Wapendwa, mzee hakusema, "Sikujua." Na sisi tusiseme. Nikisema sisi, na mimi nimo, tena mstari wa mbele. Mali tunaitafutia kamba mpya, mtoto tunampa fundo, kisha tunapiga magoti tunasema, "Bwana, umlinde." Amlinde na nini? Na fundo tulilolipiga sisi wenyewe? Maombi yetu hayana kasoro. Kasoro ni kwamba tunaombea kitu ambacho hatuthubutu kukikalia.

Haya, geukeni mtazame nyuma. Yale mabenchi wanayokalia watoto wa shule ya Jumapili, zamani yalikuwa huku mbele. Yalipoanza kulia chini ya wazee wa kanisa, tuliyaondoa. Tuliyapeleka wapi? Tuliyachoma? Fundi aliitwa? Tuliyapeleka kule, na tukaita huo mchango kwa watoto, na mimi niliutangaza kwenye madhabahu hii hii, mkapiga makofi.

Leo, wimbo wa mwisho ukiisha, hakuna kupeana mikono mlangoni. Tunakwenda wote kule nyuma, wazee wa kanisa na mimi, tukayakalie moja moja, na nitaanza mimi. Uzito wangu mnaujua. Litakalovunjika, livunjike chini yangu mbele ya macho yenu, na mbao zake ziende kuchemsha chai.

Watoto, inukeni. Tupisheni tukae.