Kwa Nini Hidaya Alimfunga Babu

Mkono uliolala huamshwa na kazi. Mmemsikia Bi Mafunda akiisema, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Basi mmefika penyewe. Mimi Shomari nilikuwapo, na katika mtaa mzima ni mimi peke yangu ambaye sikumshuku Hidaya hata siku moja. Methali hii ilianzia hapo nyumba ya pili, na ilianza hivi.

Babu Mwinshehe mnamjua. Ndiye mkubwa wetu. Kwenye harusi hakuna anayegusa sinia la pilau mpaka yeye achukue tonge la kwanza. Kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukalala, mdomo ukapinda, maneno yakawa yanavutwa kama ndoo kisimani. Akabaki na mkono wa kushoto, na kwetu hakuna anayeupeleka huo kwenye sinia. Akaacha kwenda kwenye shughuli, na harusi ya mjukuu wake ilikuwa inakaribia.

Aliporudi kutoka hospitali, mkwewe Hidaya akaanza vituko. Kila wakati wa chakula anafunga mlango. Nje unasikia sahani ikigonga sakafu, mzee akiguna, na Hidaya akisema, "Sikufungui, baba. Kula kwanza."

Watu wangenyamaza? Mumewe yuko mbali kikazi, mzee hawezi kujisemea, na nyumba ni ya mzee. "Anamuua kwa njaa arithi haraka," wakasema. Wengine wakadai hata kiharusi chenyewe kilitumwa. Hidaya akipeleka maandazi kwa jirani, yananuswa kwanza, kisha wanapewa kuku.

Kijana mmoja, jina limenitoka, akachungulia tundu la dirisha. Tundu lenyewe lina msumari unaochoma shavu.

"Wewe umejuaje msumari?" Ndiyo, Tatu, nimesimuliwa. Sikiliza.

Kijana akaona mkono wa kushoto wa mzee umefungwa kiunoni kwa kanga, na wali uko mbele yake. Akatoka mbio kwa Bi Mafunda, dada wa Babu Mwinshehe. "Bibi, amemfunga kama mbuzi!"

Bi Mafunda akaja na nusu ya mtaa, akasukuma mlango. Wali umetapakaa mkekani, kifuani, mpaka kwenye ndevu.

"Hidaya! Kaka yangu amekukosea nini?"

"Shangazi, mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyenifundisha. Ule mzima ukifanya kila kitu, huu mgonjwa unasahau kazi. Nafunga wakati wa kula tu, tena nimekaa naye."

"Na mlango je? Mwema hujificha?"

"Mwenyewe hataki aonekane akijimwagia."

"Maneno matamu! Fungasha vyako, urudi kwenu leo hii."

Bi Mafunda akapiga magoti, akaifungua kanga. Hidaya akainama, akaanza kuokota wali, machozi yanamdondoka.

Mzee akatikisa kichwa. Akaunyoosha ule mkono wa kushoto, si kwa dada yake, kwa Hidaya.

"Fu... nga," akasema.

Hidaya akafunga. Mkono wa kulia ukatambaa hadi kwenye sahani, vidole vikakunjika kwa tabu, tonge likainuka. Nusu ilianguka. Nusu ikaingia mdomoni.

Bi Mafunda akakaa chini palepale. "Kumbe mkono uliolala huamshwa na kazi," akasema, "na mimi nilikuwa namfukuza anayeuamsha! Nisamehe, mwanangu."

Siku ya harusi sinia lilisubiri, na wali ukaanguka kwenye kanzu. Hakuna aliyecheka. Tonge la kwanza Babu alilichukua kwa mkono wa kulia.

Na yule kijana mchunguliaji? Sijui alihamia wapi. Watu wa kushuku bure hawadumu... Yalaa! Nani huyo? Sikio langu! Shikamoo, Babu! Sikukuona nyuma yangu.

"Ki... jana," anasema Babu Mwinshehe, "ni... hu... yu."

Msicheke, nyinyi! Babu, achia, tafadhali, wameshaelewa! Mkono uliolala huamshwa na kazi, na huu wako umeamka wote!