Boga Lililokaliwa na Fundi Saa

Hapo zamani, ila si zamani ile ya wanyama kusema, ni zamani ya saa za ukutani, tena zilizokwisha kuanza kuharibika, alikuwako fundi saa aliyeitwa Singano. Miaka thelathini na miwili alikaa mjini akifungua saa za watu kwa bisibisi nyembamba kama mwiba. Macho yalipochoka akarudi kwao milimani na sanduku moja, mwavuli, na nia ya kula mboga alizolima mwenyewe. Jembe hakuwa amelishika tangu utoto. Siku aliyolinunua alimwuliza mwenye duka, "Likiharibika linafunguliwa wapi?"

Bustani zote za kijiji hicho zilikuwa bondeni, kando ya mfereji mmoja, zimegawanywa vitalu. Kitalu cha mwisho kilikuwa cha mama yake Singano. Mama alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, na tangu hapo hakuna aliyekigusa. Magugu yalifika kifuani. Hata njia ya kuingilia ilikuwa haijulikani.

Singano alikitaka hicho, si kingine. Aliwaambia wazee wa mfereji, "Mama alinisomesha kwa kitalu hiki. Alipokufa nilifika wamekwisha kumzika. Na hiki nacho kisinipite."

Mwenyekiti wa mfereji, mzee Hoza, mtu mnene asiyekosa karamu, akamsomea sheria.

"Mgeni wa jembe hupewa miezi minne. Siku ya kuonja utatuletea chungu kimoja cha chakula kilichotoka kitaluni kwa mkono wako. Ukileta, kitalu ni chako mpaka ufe. Usipoleta, kinakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Na katika miezi hiyo hakuna mtu wa kukusaidia wala kukufundisha kulima. Atakayefanya hivyo naye anapoteza nafasi yake kwenye foleni. Umesikia?"

"Nimesikia, mwenyekiti."

Kwenye foleni walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Kilua, mjane, jirani wa kitalu hichohicho. Chake kilikuwa chembamba kama mkeka wa mtu mmoja, na nyumbani alikuwa na midomo sita ya kulisha. Wa pili alikuwa Shebughe, kijana mfuga mbuzi asiye na kitalu kabisa. Alikuwa na mchumba, na baba wa mchumba alikwisha kusema, "Binti yangu haolewi na mtu anayenunua mchicha."

Basi Singano akaingia kazini. Akafyeka, akang'oa, akatupa. Siku ya kwanza malengelenge, siku ya pili malengelenge juu ya malengelenge, siku ya tatu akavaa soksi mikononi. Akafyeka, akang'oa, akatupa. Aliuona mchicha uliojiotea, akasema, "Majani haya," akang'oa. Aliona mboga nyingine ya majani, akang'oa. Aliona boga kuukuu la kujiotea limeoza katikati ya shina lake lililokauka, akaziba pua, akalitupa kwenye lundo la takataka mwisho wa kitalu, mpakani kwa Kilua.

Kisha akaiona ndulele.

Ndulele hailiwi. Ina miiba, na tunda lake linatapisha hata likionjwa kidogo. Lakini likiwa bichi linafanana sana na nyanya chungu, na Singano nyanya chungu alikuwa ameziona sokoni tu, kwenye mafungu. Akafurahi. "Mama aliniachia hizi!" Akaihamisha miche yake, akaipanga kwa kamba, mistari iliyonyooka kama mishale ya saa sita kamili. Akaipalilia, akaiwekea vijiti, akaimwagilia asubuhi na jioni. Miiba ilipomchoma alisema, "Kitu kizuri kina ukali wake."

Kilua akaona, akafunga mdomo. Shebughe akapita na mbuzi wake, akaona, akafunga mdomo. Sheria ni sheria.

"Zinaendeleaje, kaka Singano?" Kilua aliuliza.

"Zinakwenda kama saa, dada yangu. Siku ya kuonja utazikuta chunguni."

Kilua akaenda zake akijiuma midomo, na haikujulikana kama ni kicheko au hofu.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Kilua aliona mche umechomoza juu ya lundo la takataka. Akaujua mara moja. Boga lile la mistari myeupe lilikuwa la mama yake Singano peke yake, na mbegu yake aliwanyima wote, hata mwenyekiti. Kilua akafikiri: mtu huyu akiuona atauita majani. Akachukua majani makavu ya migomba, akaufunika. Kisha akapaza sauti:

"Kaka Singano! Huko kwenye lundo nimeona nyoka!"

"Wa aina gani?"

"Wa kuuma!"

Tangu siku hiyo Singano alilizunguka lundo kwa mbali, mwavuli mkononi. Na kila zamu ya maji ya Kilua ilipofika, maji yake yalimwagika mpakani kidogo, kwa bahati tu, yakalowesha lundo.

Ikabaki wiki moja. Ndulele zikawa zimejaa matunda, na Singano amekwisha kuazima chungu. Shebughe akawa hapati usingizi. Akilini aliwaona wazee wote saba wa mfereji wamelala mfululizo, matumbo juu. Kumfundisha Singano hakuruhusiwa. Lakini sheria haikumtaja mbuzi. Mchana, Singano alipokwenda kula, Shebughe alilegeza kamba ya beberu wake aliyeitwa Karani, akaangalia mawinguni. Karani akaingia. Vijiti akavitafuna, matunda akayakanyaga, mistari akaivuruga, mingine akailalia.

Singano aliporudi aliipitia mistari yake mmoja mmoja. Hakutukana. Aliokota kijiti kimoja kilichobaki, akakichomeka wima pale kilipokuwa, kana kwamba hicho tu kingetosha.

Siku ya kuonja ikafika. Wazee walikwisha kukaa kitaluni, mzee Hoza na kijiko chake mfukoni. Singano hakuwa na kitu. Akaenda mwisho wa kitalu ili asionekane akilia, akasema, "Na nyoka aniume basi," akajitupa juu ya lundo. Akakaa juu ya kitu kigumu. Akaondoa majani ya migomba. Lilikuwa boga la mistari myeupe, kubwa kama kiti, na Singano, aliyekuwa hajui mmea hata mmoja, alilijua. Alilila utoto wake wote.

Likapikwa. Wazee wakaonja, wakaonja tena, wakakwangua chungu. Ndipo mwenyekiti akafuta mdomo na kuuliza, kama desturi ilivyotaka:

"Chakula hiki kimetoka kitaluni kwa mkono wako?"

Singano angeweza kusema ndiyo. Lakini alizoea kuwaambia watu ukweli kuhusu saa zao.

"Mwenyekiti, kusema kweli mimi nimelikalia tu. Ila ni mimi niliyefyeka, ni mimi niliyetupa boga bovu pale, na lundo lile lililolilisha, kila jani lake lilipita mikononi mwangu. Nisingefyeka, leo msingekuwa na pa kukaa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akakohoa. "Hukulilima, basi. Kitalu kinakwenda kwa Kilua."

Kilua akainuka. "Ngoja kwanza, mzee. Mimi nililifunika. Mimi nililimwagilia kwa maji yangu. Nilisema kuna nyoka, na hakukuwa na nyoka."

"Nyoka hakuwapo?" akauliza Singano.

"Nisamehe, kaka. Nyoka ulikuwa wewe. Boga hili nimelilinda lisiuawe na mwenyewe. Mnajua watoto wangu ni sita. Ningenyamaza tu, leo kitalu kingekuwa changu bila jasho. Aliyekilisha chungu chenu ni nani, kama si mimi?"

"Basi umesaidia! Umepoteza nafasi! Kitalu kinakwenda kwa Shebughe."

Shebughe akasogea, Karani nyuma yake. "Shikamooni, wazee. Chungu hiki kilikuwa kijazwe ndulele. Nani kazivuruga? Beberu wangu. Nani kamlegeza? Mimi. Boga limewashibisha, lakini mimi nimewafanya mwamke kesho. Sasa nauliza, mtu anayewaokoa wazee saba hana haki hata ya kitalu kimoja?"

Wazee wakajishika matumbo. Mmoja akasema, "Huyo naye kasaidia." Mwingine akasema, "Mbuzi ndiye kasaidia." Wa tatu akasema, "Kwa desturi, tukishameza tumekubali, na mimi nimemeza mara tatu. Ni cha Singano." Wa nne akasema, "Mnagombana bure, aliyetupikia leo ni marehemu mama yake. Mbegu ni yake."

Jua likapanda, chungu kikakauka, na hukumu haikupatikana. Kwenye ungo zilibaki mbegu za boga, konzi moja, nyeupe na safi. Singano akazitazama mbegu. Kilua akazitazama. Shebughe akazitazama, huku akimshika Karani masikio ili asizitazame kwa karibu mno.

Mimi nimeibeba kesi hii muda mrefu. Nikimpa Singano, nawakumbuka watoto sita. Nikimpa Kilua, nakumbuka kile kijiti kimoja kilichochomekwa wima. Nikimpa Shebughe, ninaona aibu kumpa kitalu mtu kwa kazi ya mbuzi, kisha najiuliza kama ningekuwa mmoja wa wale wazee saba ningeona aibu hiyo.

Mvua zinaanza kesho. Kitalu kimefyekwa, mbegu ziko kwenye ungo, na jembe moja limeegemezwa ukutani. Ninyi mliosikiliza na kucheka mmeketi, hukumu nawaachia: kati ya aliyetupa, aliyeficha na aliyelegeza kamba, nani alistahili kulishika jembe lile?