Anayengojewa Si Mengineyo

Anayengojewa si mengineyo. Ndivyo nilivyomjibu mwenzenu Sifaeli asubuhi hii, alipotuonyesha dodoso lake jipya lenye maswali mazuri na, chini ya kila swali, kisanduku cha "mengineyo" cha kutupia yaliyomshinda. Mkacheka, mkauliza kama msemo huo ni wa wazee wa Kigogo au nimeutunga mwenyewe. Si wangu. Nilikuwapo ulipozaliwa, tena upande wa walioshindwa, na chanzo chake ni hiki.

Foibe Masinjisa alikuwa mdadisi wa kaya katika kijiji cha Chihembe, huko Mpwapwa. Kila mwaka, mtama ukishavunwa, alipita nyumba hadi nyumba na kishikwambi chake akiuliza nani anaishi pale, wanakula nini, maji wanachota wapi. Wakati huo mfumo wetu wa kutengenezea madodoso mtandaoni ulikuwa mchanga na mkaidi. Mtandao ukikatika, kazi ya siku nzima imepotea. Usipojibu swali la sita, la saba hulioni.

Swali la sita lilikuwa la majina. Kishikwambi kilileta jina la kila mwanakaya wa mwaka uliopita, nawe ukachagua moja kati ya matatu: yupo, amehama, amefariki.

Nyumba ya mwisho kabla ya korongo ilikuwa ya mjane aitwaye Loi. Majina yalikuwa mawili, lake na la Ndahani, mwanawe wa pekee. Ndahani aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa kwenda machimboni, akaaga akisema mtama ukiiva atarudi. Mtama ukaiva mara saba. Hakurudi, hakupiga simu, wala hakuna aliyeleta habari, njema au mbaya. Majirani wakaacha kumtaja mbele ya mama yake, wakidhani ndiyo huruma.

Wadadisi waliotangulia walikuwa wakibonyeza "yupo" ili yaishe. Foibe alikuwa mkweli. Kanuni ilisema asiyelala nyumbani miezi sita hayupo, basi mwaka wake wa kwanza alipofika kwenye jina la Ndahani akabonyeza "amehama," akaendelea na mambo ya maji.

Mwaka uliofuata alimkuta Loi amejifunga khanga mpya, na nje ameweka viti vitatu.

"Mbukwa, mama."

"Mbukwa, mwanangu. Kaa. Haya, soma."

"Loi," Foibe akasoma.

"Nipo."

Foibe akagusa kioo. "Maji mnachota wapi?"

"Hujamaliza kusoma."

"Nimemaliza, mama. Ni kaya ya mtu mmoja."

Loi akakitazama kile kiti cha tatu. "Na Ndahani?"

Foibe akaeleza, kwa upole aliofundishwa, kwamba mwaka jana Ndahani aliandikwa amehama, na aliyehama hutoka kwenye orodha.

"Nani kakwambia amehama? Anayehama hubeba godoro. Mwanangu kaacha godoro, kaacha jembe, kaacha na viatu vya kanisani." Loi akakigusa kile kiti kitupu. "Mwaka mzima hakuna anayelitaja jina lake hapa kijijini. Ni wewe tu na hicho kidude chako, siku moja. Nikilisikia kinywani mwa mtu mwingine, najua kweli nilizaa, sikuota. Sasa umemfuta."

 Foibe alijaribu kukumbuka ile siku aliyobonyeza, akakumbuka kwamba alikuwa na njaa na alitaka kuwahi nyumba nyingine. Ilimuuma sana.

Wiki hiyohiyo akapanda basi mpaka Dodoma mjini kwa fundi wa mfumo. Fundi mwenyewe alikuwa mimi, kijana mwenye shingo ngumu na majibu tayari.

"Dada Foibe," nikamwambia, "kompyuta haingoji mtu. Lakini una bahati, mfumo tunauboresha. Utafanya kazi hata bila mtandao, na chini ya kila swali tunaongeza 'mengineyo.' Mrudishe kwenye orodha, mtie humo, mama atulie."

Nilijiona nimemfanyia hisani kubwa. Foibe naye akarudi Chihembe mbio kumpa Loi habari njema.

Loi alikuwa akipepeta mtama. Akauliza, "Humo kwenye mengineyo mna nani mwingine?"

Foibe hakujua kudanganya. Akafungua orodha ya kijiji, akawatafuta wote waliokosa pa kuingia. "Mna aliyefungwa. Mna mpangaji aliyetoroka. Mna mgeni wa kupita, na jina lililokosewa."

Loi akaweka ungo chini. "Sikia, mwanangu. Anayengojewa si mengineyo." Akauinua ungo wake, akaendelea kupepeta.

Foibe akapanda kilimani kunakoshika mtandao, akanipigia simu, akanirudishia maneno yale kama yalivyosemwa.  Jioni ile nikaongeza chaguo la nne, "anangojewa," na chini yake swali dogo: "na nani?" Kisha nikaweka dodoso mahali ambapo wadadisi wa wilaya zote wangeweza kulichukua na kulitumia. Kabla ya mwezi kwisha majibu yalianza kuingia, kutoka Kondoa, kutoka Manyoni, kutoka vijiji nisivyovijua. Waume, mabinti, kaka wadogo. Sikujua nchi hii ilikuwa ikingoja watu wengi kiasi kile.

Na Loi? Miaka minne Foibe alisoma "Ndahani," na miaka minne Loi alijibu, "Anangojewa. Na mimi." Mwaka wa tano Foibe aliikuta nyumba imefungwa. Akatoka jirani, Mama Chiduo, mmoja wa wale waliokuwa wakilikwepa lile jina.

"Loi," Foibe akasoma.

"Amefariki. Kabla ya mvua."

Kwa kanuni, kaya isiyo na mtu hufungwa, na majina yake hufutwa. Foibe alilijua hilo. Hata hivyo akalisoma jina la pili, kwa nguvu kidogo, uwanja mzima usikie.

"Ndahani."

Mama Chiduo akaangalia njia ya korongoni. 

"Anangojewa," akasema.

"Na nani?"

"Niandike mimi. Godoro lake liko kwangu."

Basi, Sifaeli, lifungue tena dodoso lako. Anayengojewa si mengineyo.