Sinia la Kamera

"Na sisi tutakula nini?" Bi Mwanakombo aliuliza mbele ya watu wote.

Tangu alfajiri, majirani wa kichochoro chake cha Mji wa Kale, Mombasa, walikuwa wamepangwa juani wawe wageni wa harusi katika video ya wimbo. Mwongozaji, Gervas, alikuja na magari matatu na sufuria moja kubwa ya pilau ya mbuzi.

"Pilau ni ya wasanii," alisema alipobanwa. "Nyinyi mtakula kamera ikiwaka tu. Nikisema basi, ni basi."

"Na tukikosea, mwanangu?"

"Tunarudia. Sinia linajazwa upya, lifanane na lilivyokuwa mwanzo. Watazamaji si wajinga."

"Hata! Nani awadanganye watazamaji?" alisema Bi Mwanakombo, akaketi na wenzake, akaweka leso yake sawa begani.

Kamera ikawaka. Sinia lilipofika nusu, Mzee Shee akapiga chafya.

"Rudia!"

Sinia likajazwa. Lilipofika nusu, Bi Tima akaipungia kamera mkono.

"Rudia!"

Mara ya tatu, mtu akamuuliza bwana harusi kwao ni wapi.

Mara ya tisa picha ilitoka safi. Gervas akafunua sufuria, akakuta ukoko mtupu.

"Bi Mwanakombo," alisema polepole, "mbona kila ukigusa leso, mtu anakosea?"

Bi Mwanakombo akanyanyua vidole vyake vinavyong'aa mafuta.

"Mwanangu, tunaomba maji ya kunawa."