Fundi wa Lusungo na Tairi la Kuchonga

Tairi la kuchonga hudanganya askari, halidanganyi mlima.

Ndivyo fundi wa gereji alivyomwambia mwenzenu Lusajo jana, kwa kuwa kapata leseni ya udereva bila kukanyaga chuo hata siku moja. Nyinyi mkacheka, na leo mmenijia: "Mjomba, maneno yale yametoka wapi?" Mmeuliza penyewe. Mimi sikuyasikia kwa mtu. Nilikuwepo yalipozaliwa, na nusu ya kosa ilikuwa yangu. Basi kaeni. Maneno hayo yalianzia kwenye jiko la mkaa, mbele ya kibanda cha fundi matairi, pale Lusungo, chini ya Mlima Kihesya.

Fundi mwenyewe aliitwa Anyosisye, lakini watu wote walimwita Baba Sekela, kwa jina la binti yake. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Kuziba pancha kila fundi anajua. Yeye sifa yake ilikuwa kuchonga. Tairi likiisha kashata, yale matuta ya mpira yanayong'ata barabara, likabaki kipara kama goti, ulimpelekea. Aliweka kisu kwenye makaa mpaka kikaiva, kisha akachora mifereji upya, mmoja mmoja, bila rula. Akimaliza alipaka oili chafu, akanyunyiza vumbi, akalifuta kwa gunia. Ukiliona ungesema tairi limetembea mwezi mmoja tu.

Ila mpira haukuwa umeongezeka. Ulikuwa umepunguzwa. Hilo tulilijua sote, na hakuna aliyelisema.

Mwaka ule nilikuwa naendesha lori la kubebea viazi. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nikasimama kibandani kwake na matairi manne ya nyuma yaliyokwisha kabisa. Juu kidogo ya mji, mlima unapoanza, palikuwa na kizuizi cha polisi, na afande aliyekuwa zamu, Tweve, alikuwa hasikii la mtu. Alikuwa akiinama, anapitisha kiganja kwenye kila tairi. Kipara hakipiti. Matairi mapya tajiri wangu alikuwa ameahidi tangu Krismasi.

"Nichongee, Baba Sekela," nikamwambia. "Viazi vinaoza huko juu."

Akayatazama. "Haya yamekwisha, Gwamaka."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Yangekuwa mazima ningekuja kufanya nini?"

Akacheka kidogo, akavuta jiko. Alichonga mpaka jua likapanda. Wakati anachonga nilimwuliza habari za mkewe, Mama Sekela. Alikuwa amelazwa hospitali ya misheni, kule juu mlimani, wiki ya tano sasa. Alikuwa amepasuliwa tumbo.

"Wanasema anaendelea," akasema, bila kuinua kichwa. "Jumapili nitapanda kumwona. Nyumba imekuwa kubwa, Gwamaka. Napika ugali, nasahau, napika wa watu wawili."

Akarudisha kisu kwenye makaa.

Kizuizini afande Tweve aliinama kama kawaida yake, akapitisha kiganja. "Safi," akasema. "Wenzako wangekuwa hivi tungelala usingizi." Nikapanda mlima napiga mluzi.

Nilipakia viazi mpaka saa sita. Wakati wa kurudi nikapita mbele ya hospitali, nikamwona mwanamke amekaa kwenye jiwe nje ya geti, amejifunga blanketi, furushi miguuni. Mama Sekela. Alikuwa amekonda mpaka nikasita kumwita.

"Mama, vipi hapa?"

"Wameniruhusu leo, mwanangu. Nangoja basi la kesho. Nitaomba kulala kwa mlinzi."

"Basi la kesho la nini na mimi nashuka Lusungo?"

Nilifurahi kuliko yeye. Nikasema moyoni, leo nitamfanyia Baba Sekela jambo ambalo hatalisahau. Nikampandisha kabini taratibu, nikamkunjia koti langu aegemee. Njia nzima alizungumzia nyumba yake: kama kuku bado wapo, kama mume wake anaanika mashuka au anayalalia tu.

Huku kwetu mwezi wa tatu mlima una tabia yake. Jua linawaka, halafu wingu jeusi linatokea nyuma ya kilele bila hodi. Zilipobaki kona tatu tufike kizuizini, mvua ya mawe ilimwagika. Si ile ya kugonga bati na kwisha. Ilimwagika mpaka vioo vikalia, na ilipokatika, barabara ilikuwa nyeupe kutoka ukingo hadi ukingo, barafu ya kufika vifundoni, na chini yake udongo mwekundu uliolowa. Mbele yangu magari yalikuwa yamesimama. Nikakanyaga breki.

Lori halikusimama. Nilihisi nyuma inaelea. Likaenda upande upande, polepole, bila kelele, mpaka gurudumu la mbele la kushoto likagota kwenye jiwe la ukingoni. Hapo likatulia. Mlango wa Mama Sekela ulikuwa juu ya bonde. Nilichungulia upande wake nikaona vilele vya miti.

"Usisogee, mama," nikasema.

"Nisogee niende wapi?" akasema.

Breki ya mkono ilikuwa imelegea siku nyingi. Kwa hiyo kilichotushikilia kilikuwa mguu wangu wa kulia na lile jiwe. Na kila baada ya muda lori lilisogea kidogo, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi, na jiwe likasaga. Mama Sekela hakuweza kushuka kwa mlango wake. Kupita upande wangu ilibidi avuke gia na magoti yangu, na mshono tumboni ulikuwa bado mbichi. Nikaogopa kwamba tukitikisika tu, tunakwenda.

Foleni ikajaa nyuma yetu. Madereva wakaja wakiteleza, wakaweka mawe mbele ya magurudumu. Mawe yenyewe yakateleza kwenye barafu. Mmoja akainama akatazama nyuma ya lori langu, akapiga kelele: "Dereva! Haya ni matairi au sabuni?"

Watu wakacheka, kisha wakaona uso wa mama dirishani, wakanyamaza. Kijana wa pikipiki akapenya katikati ya magari akateremka kwenda kuita msaada.

Tukabaki sisi wawili kabini.

"Gwamaka," akasema Mama Sekela, "matairi yako ni mazima?"

"Mazima, mama."

"Sikuulizi kama askari. Nakuuliza kama mama yako."

Nikasema, "Yamechongwa."

Barafu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye miti, tunaisikia. "Nani kayachonga?"

Nikayakodolea macho magari ya mbele.

"Baba Sekela?"

"Ndiyo, mama. Asubuhi hii."

Nilitegemea alie. Yeye alianza kucheka, amejishika tumbo kwa mikono miwili. "Ee Mungu wangu. Nimeponea kisu cha daktari nije kufa kwa kisu cha mume wangu. Usinichekeshe, Gwamaka, nyuzi zitaachia." Halafu ndipo machozi yalipokuja. "Asijue," akasema. "Lolote likitokea, usimwambie kwamba ni yale matairi. Hataweza kulala tena maisha yake. Wewe hujui anavyonipenda yule mtu. Hasemi, lakini mimi najua."

Jiwe likasaga tena. Nikakaza mguu. Sijawahi kuona haya kama siku ile.

Sikujua kwamba kule chini habari zilikuwa zimeshafika. Kijana wa pikipiki aliteremka mpaka kizuizini, akamwambia afande kwamba lori la Gwamaka limening'inia, na ndani yuko mke wa fundi matairi. Kutoka kizuizini hadi kibandani ni kelele mbili tu. Baba Sekela hakuuliza swali hata moja. Pale kibandani palikuwa na tairi jipya la mteja, bado lina karatasi, kashata zake ndefu kama kidole. Akalisimamisha, akaanza kulisukuma kupanda mlima.

Nilimwona anatokea kwenye kona ya chini. Mtu mfupi, mweusi tii kwa oili na matope, katikati ya weupe ule, anasukuma tairi linalomfika kifuani. Anateleza, anapiga goti, anainuka, tairi linataka kurudi, analikumbatia. Nyuma yake afande Tweve na kofia mkononi anamsaidia kusukuma. Na madereva waliokuwa kwenye magari yao wakashuka mmoja mmoja wakaongeza mikono.

Mama Sekela alimwona wakati mmoja na mimi. Aliweka kiganja kwenye kioo.

Baba Sekela alifika, akamtazama mkewe kupitia kioo cha mbele, mara moja tu. Kisha akalisukumia tairi mbele ya gurudumu langu la kulia, akaliinamisha kashata zikakita kwenye barafu, akapiga magoti hapo hapo na kulishikilia kwa bega. Lori lingeondoka, lingempitia yeye kwanza.

"Toka hapo, mzee!" afande akapiga kelele.

"Nitoke niende wapi? Mke wangu yumo." Akainua kichwa kwangu. "Gwamaka, achia breki."

"Tutaondoka, Baba Sekela!"

"Achia, liegemee tairi hili. Lakini kama unavyomlaza mtoto."

Nikaachia, unywele kwa unywele. Lori likasogea kidogo, likalibana tairi jipya, nami nikasikia kashata zinavyouma: kwanza barafu, kisha udongo. Tairi likasogea kiasi cha shubiri moja. Likagoma. Lori zima likaegemea pale na kutulia kama ng'ombe aliyefungwa. Watu wakajaza mawe makubwa mbele ya tairi lile, na safari hii mawe yakakaa.

Niliondoa mguu kwenye breki, nikashindwa kuukunja. Walinivuta nje kama gunia. Baba Sekela akapanda kwenye ngazi ya mlango wangu, akaingiza mikono yake mikubwa, akamvuta mkewe juu ya kiti kidogo kidogo, huku akimwuliza, "Hapa panauma? Na hapa?" mpaka akamtoa. Akageuka, akainama, akambeba mgongoni, blanketi na yote.

Wakati huo afande Tweve alikuwa ameinama nyuma ya lori. Alipitisha kiganja chake kwenye tairi, kama asubuhi. Kashata zote zilikuwa zimebanduka, kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Nyuzi za ndani zilikuwa nje.

"Tairi hili nililikagua mimi," akasema. "Kwa mkono huu. Lilikuwa safi." Akanigeukia. "Nani kachonga?"

Nilimkumbuka Mama Sekela na ombi lake. Nikasema, "Nilichonga mwenyewe, afande."

"Gwamaka hajui kuchonga hata kalamu," Baba Sekela akasema, na mkewe mgongoni. "Nimechonga mimi."

Mama Sekela akalaza shavu kwenye shingo yake akafumba macho.

"Wewe?" afande akasema. "Basi umeniweza, mzee. Miaka yote nimesimama kizuizini, leo umeniweza."

"Wewe nilikuweza, afande. Nimekuweza siku nyingi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetubu mbele ya kanisa. "Lakini tairi la kuchonga hudanganya askari. Halidanganyi mlima."

Afande hakumshika. Alivua koti lake kubwa la kazi, akamfunika mama. Mimi aliniandikia kosa langu, na nilistahili.

Walishuka wakiwa hivyo, yeye amembeba. Nilifuata nyuma nikichechemea na furushi la mama.

"Nishushe, Baba Sekela. Unahema."

"Sihemi."

"Nasikia kifua chako, kinapiga kama mashine ya kusaga."

"Umekuwa mwepesi mno," akasema. "Ningekuwa nabeba debe la mahindi ningechoka zaidi. Ukifika nyumbani utakula."

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Basi nirudishe hospitali."

Hapo ndipo nilipomwona Baba Sekela analia. Alilia huku anacheka, na hakuwa na mkono wa kujifutia machozi, kwa hiyo mkewe akamfuta kwa ncha ya blanketi.

Barafu iliyeyuka jioni, na madereva waliokuwa kwenye foleni wakashuka wote na maneno yale mdomoni. Siku ya soko yalikuwa yamefika Lusungo nzima. Walimu wakayachukua, wakawaambia wanafunzi wanaonakili majibu ya wenzao. Wazee wakawaambia mabinti waliochumbiwa na waongo wenye suti. Hivyo ndivyo yalivyowafikia nyinyi.

Baba Sekela hakuchonga tena. Madereva walikuja wakamsihi. Wengine walimwambia wao hawapandi mlima, wanapita kizuizini tu halafu wanakwenda tambarare. Yeye hakubishana na mtu. Aliita kuelekea nyumbani kwake, nyuma ya kibanda, "Mama Sekela! Kuna mgeni wako." Mkewe akatoka, amenenepa sasa, mikono ina unga, akamtazama dereva, akayatazama matairi yake vipara, akauliza, "Una mke, mwanangu?"

"Ninaye, mama."

"Anapanda gari hili?"

Dereva hapo huyageukia matairi yake. Naye humwambia kwa upole, kama anayempa maji ya kunywa: "Tairi la kuchonga hudanganya askari, mwanangu. Halidanganyi mlima."