Nyenje na Koo la Dhahabu

Paukwa!

— Pakawa!

Niseme nisiseme?

— Sema!

Nikiongopa?

— Tutakuamini!

Nikisema kweli?

— Tutakucheka!

Haya, sogeeni. We mwenye kikohozi, kohoa kabisa umalize.

Hapo kale, kale ya juzi juzi tu, wanyama walipokuwa wameshanunua runinga lakini hawajamaliza kugombania rimoti, aliondokea Nyenje. Mdogo kama punje ya kunde. Alikaa kwenye ufa wa ukuta wa jiko, yeye na mama yake na dada yake Mwanaheri. Basi Nyenje alikuwa na kipaji. Akisugua bawa kwa bawa, chiriii! chiriii!, mama anaacha kupepeta, jirani anaacha ugomvi.

Siku moja likatangazwa shindano la kuimba, litaonyeshwa kwenye runinga. Nyenje akaenda, akapanda jukwaani. Chiriii!

Jaji Bata akagonga meza. "Kwa! Kwa! Simama hapo! Mbona mdomo umefungwa? Huyu anaimbiwa na kaseti!"

"Shikamoo jaji. Mimi naimba kwa mabawa."

"Mabawa? Mimi ninayo tangu nizaliwe, hayajaimba hata siku moja. Toka!"

Nyenje akatoka. Alilia njia nzima, tena alilia kwa mdomo, kwa hiyo hakuna aliyemsikia.

Mwaka wa pili likaja shindano jingine. Safari hii Nyenje alikuwa amejifunza. Huku nyuma anasugua mabawa, huku mbele anafungua mdomo, anafumba, anafungua, anafumba, na macho kayalegeza. Jaji Bata akatokwa na machozi. "Koo hilo!" akasema. "Koo hilo limebarikiwa!" Nyenje akafika wiki ya sita, akatolewa. Watazamaji hawakumwona. Walidhani ni vumbi kwenye kioo.

Mwaka wa tatu likaja lile kubwa kuliko yote, Koo la Dhahabu, shindano la Kiboko. Kiboko alikuwa na kituo chake cha runinga, alikuwa na nguvu, na alikuwa na mdomo ambao ukifunguka unaingiza mkokoteni. Nyenje akasimama juu ya sufuria iliyopinduliwa, apate kuonekana. Anafungua, anafumba, chiriii! Kura zikamiminika, akashinda! Kule jikoni mama yake alipiga vigelegele mpaka akadondokea kwenye unga.

Kiboko akamwita ofisini. "Mwanangu, weka sahihi hapa. Kila sauti itokayo kooni mwako ni mali yangu, mpaka mto ukauke."

Nyenje akasoma. Akarudia kusoma.

"Kooni, mzee?"

"Kooni."

"Koo lote?"

"Lote! Usibakize hata kipande."

"Basi chukua, mzee. Halali yako." Nyenje akachovya mguu kwenye wino, akakanyaga karatasi. Tik!

Jina likavuma. Vifaranga walijifunga vijiti viwili kichwani ili wafanane naye. Leo anaimba kwa Nyati, kesho anaimba kwa Twiga, na kila alikoimba walimtuza matikiti. Kiboko anakula matikiti, ngwam! ngwam!, Nyenje anapewa mbegu.

"Nyama ya tikiti itakuharibia koo, mwanangu."

"Ahsante, mzee."

Alivumilia. Tuseme ukweli, alipenda kupigiwa makofi.

Sasa, Mwanaheri akapata mchumba. Nyenje akaenda kwa Kiboko. "Mzee, dada yangu anaolewa Jumamosi. Naomba nikamwimbie."

"Jumamosi unaimba kwenye ufunguzi wa bwawa langu."

"Ni dada yangu, mzee. Ndiye aliyenibeba mgongoni."

"Na aolewe kimya kimya. Ndoa haihitaji chiriii."

Mbegu Nyenje alikuwa akizimeza. Neno hili halikumezeka. Likamkwama kooni, tena kwenye koo la Kiboko. Alirudi nyumbani hana raha, hakula. Jumamosi ilipofika akavaa, akaenda harusini, kando ya mto, akaimba.

Kiboko akapata habari. Akabeba kamera zake zote, nchi nzima ione. Tu! Tu! Tu! Vikombe vikaruka mezani, sharubati ikamwagika.

"Mwizi!" akanguruma. "Mnamwona mwizi, watazamaji? Ameiba sauti yangu!"

Ngoma ikanyamaza. Bibi harusi akashika kichwa. Wakwe wakaanza kunong'onezana, "Kumbe tunaoa kwa wezi?" Mama Nyenje akatamani ufa mwingine umfiche.

Nyenje akapanda juu ya bakuli la pilau. "Mzee, shikamoo. Isome karatasi, wakwe zetu wasikie."

Kiboko akaisoma kwa majigambo. "Kila sauti itokayo kooni!"

"Koo si nimekupa?"

"Umenipa!"

"Haya. Dada, nifunge mdomo."

Mwanaheri akachomoa uzi kwenye kanga yake, akamfunga mdomo, akakaza fundo. Kamera zikamsogelea. Nyenje akainua mabawa.

Chiriii! Chiriii! Chiriiiii!

Jaji Bata, aliyekuwa pale kwa ajili ya pilau, akaruka juu. "Kwa! Mabawa! Yanaimba mabawa! Si nilisema mimi tangu mwanzo?"

Kiboko akatazama karatasi, akatazama uzi, akatazama mabawa. Mwanaheri akamfungua nduguye.

"Sasa mimi namiliki nini?" Kiboko akauliza, kwa sauti ndogo.

"Koo, mzee. Zima kabisa. Halijatumika hata siku moja."

Wakwe ndio walioanza kucheka. Wakacheka wageni, wakacheka wapiga kamera, na kwa kuwa kamera zilikuwa wazi, nchi nzima ikacheka. Kiboko akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, akaingia mtoni, chubwi! Akabakiza masikio tu. Mpaka leo hukaa hivyo, na akisikia chiriii ng'ambo, huzamisha na masikio.

Nyenje akamwimbia dada yake mpaka bwana harusi akasahau njia ya kwao. Baadaye akafungua shindano lake mwenyewe, Bawa la Dhahabu. Washindani ni wengi. Kila mmoja huweka sahihi kuwa ni mali ya Nyenje koo lake, bawa lake, mguu wake, mkia wake, na kiungo kingine chochote kitakachogunduliwa baadaye. Nyenje huwasomea mwenyewe, kwa upole, na huwaita "mwanangu".

Na funzo lake? Funzo, wanangu, ni kwamba mkubwa akikuletea karatasi, weka sahihi upesi. Kusoma kwanza ni utovu wa adabu.

Ngano yangu nimeiacha mlangoni. Atakayetoka kwanza aibebe, atakayebaki afagie.