Wake Watatu wa Magembe

Sogeeni. Mwenye kuwashwa ajikune sasa hivi amalize, maana hadithi ikianza mikono itulie.

Huko Urambo, Mihambo alikuwa na mtoto wa miaka minne, Magembe, na Magembe alikuwa na wake watatu. Msishtuke. Walikuwa bibi zake, na bibi zetu mnawajua: mjukuu wa kiume akiota jino tu, tayari ni mume.

Bibi Nyamizi, mama yake Mihambo, alijaliwa macho. Aliona unywele kwenye uji wa nyumba ya pili. Bibi Kalunde, mama mkwe wa Mihambo, alijaliwa viganja; kuku mkali akishikwa naye alisinzia. Bibi Kabula, jirani aliyejipa ubibi bila kuombwa, alijaliwa mdomo. Mume wake halisi alikuwa kiziwi, na watu walisema Mungu ana huruma.

Basi Magembe akashikwa na pumu ya ngozi. Alijikuna viwiko na nyuma ya magoti mpaka shuka zikawa na damu.

"Baba niachie, kunaniwasha."

Mihambo akimwachia, mtoto anajichana, akimshika, analia. Mwanaume aliyewahi kufukuza fisi kwa kandambili akakaa chini, akalia naye. Kisha akawaita wale watatu.

"Mama zangu, mimi na mama yake tunahamia shambani msimu huu, na moshi wa kukaushia tumbaku haumfai mtoto. Atakayemtuliza ndiye mke mkubwa. Atakaa na mume wake mpaka turudi."

Bibi Nyamizi akainama kwenye kiwiko, akaona majimaji ya manjano ambayo wengine waliyadhania jasho. "Hii si pumu peke yake. Hapa pana wapangaji." Akambeba mgongoni hadi hospitali, Mihambo nyuma yake. Daktari akachukua majimaji, akayapima.

"Ni bakteria," akasema. "Wanazaliana kwenye nyufa za ngozi na kutoa sumu. Chini ya ngozi kuna seli za kinga zilizobeba kemikali za muwasho. Sumu ikizigusa, zinamwaga mzigo wote."

"Kama mlinzi anayempigia paka filimbi?" Mihambo akauliza.

"Paka huyu ni mwizi kweli, ila filimbi inaamsha mtaa mzima. Mtoto anajikuna, nyufa zinaongezeka, bakteria wanapata vyumba vipya. Ugonjwa wenyewe hauondoki kabisa, lakini hutulia."

Dawa ikatolewa, na Nyamizi hakuruhusu dozi iishie njiani. Magembe alipojificha, alimfuata hadi chini ya kitanda. "Toka huko. Mume gani anamkimbia mkewe kwa sababu ya kijiko?"

Lakini hata bakteria wakifa, nyufa zikibaki wazi wengine wataingia. Hapo ndipo Bibi Kalunde alipokunja mikono ya gauni. Alimwogesha kwa maji vuguvugu, na kabla hajakauka vizuri akampaka mafuta ya mgando, asubuhi na jioni, akiziba kila ufa kama anayekandika nyumba. Mtoto akateleza kama kambale. "Nimeolewa na samaki," Kalunde akalalamika. "Nikimkumbatia ananiponyoka."

Tatizo, ngozi inayopona nayo huwasha, na kucha moja ingebomoa kazi yote. Bibi Kabula alimkata kucha katikati ya kisa, mtoto asijue. Kisha akamwekea ungo wa choroko achambue. Kidole kilipotaka kupanda kwenye kiwiko, kisa kilikuwa kimefika penye utamu.

"Halafu yule mchawi akavaa nini, bibi?"

"Chambua kwanza, mume wangu. Mchawi hana haraka."

Ngozi ikatulia. Mihambo akachinja kuku, akaishika firigisi mkononi: atakayepewa ndiye mke mkubwa, na lori la shambani linakuja kesho.

"Bila macho yangu mngekuwa mnawapaka bakteria mafuta," Nyamizi akasema.

"Na bila mafuta yangu ungekuwa bado uko kwenye foleni hospitalini," Kalunde akajibu.

Kabula, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema kitu. Hakuwa na damu moja na mtoto huyu. Alijifuta tu jicho kwa pindo la kanga.

Mihambo akamtazama Magembe amsaidie. Magembe alikuwa amelala: kichwa kwa Kalunde, miguu kwa Nyamizi, na ngumi imekikamata kidole cha Kabula.

Haya, wewe uliyekaa kimya muda wote huu: ungempa nani? Na usiniambie utaikata vipande vitatu. Firigisi inagawanyika, mtoto hagawanyiki.